Mkutano umeisha: nani njo atafanya?

(Maneno yaliyosomwa na sekretaria ya chama mbele ya wanachama na wageni, hapa Kambove. Tumeyaacha karibu na vile yalivyosemwa.)



Komite imetuomba tuseme juu ya ile programu ya telefone ambayo vijana wetu wameleta, ile inayosikiliza mkutano na kuandika yenyewe: nani alisema nini, nini kimeamuliwa, nani atafanya, siku gani. Wengine kati yetu wanaiita sekretere wa mashini, na wanacheka. Wengine hawacheki, wanaiogopa. Mbele ya kunyoosha mikono, ni vizuri kila mmoja ajue kitu hiki kinaweza nini na hakiwezi nini.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kisha tutakuja ku dawa.

Sisi tunajua mikutano. Wale waliovuka kwenda Zambia wakati Pweto ilipoanguka, Desemba 2000, walikaa miaka mingi Mwange na Kala, na mule kambini kila kitu kilipita kwa mkutano: mkutano wa chakula, mkutano wa maji, mkutano wa masomo ya watoto, mkutano wa kupanga mkutano. HCR ilipoanza kuturudisha, mwaka 2007, tulirudi na mizigo yetu na mazoea hayo. Tunajua kufungua kwa sala, tunajua kupeana neno, tunajua kumsubiri mzee amalize hata kama amezunguka Kambove nzima mbele ya kufika. Kusema hakutushindi. Hatari iko mu dakika tano za mwisho, wakati watu wanasimama, wanarudisha viti vya jirani, mvua inatishia, na lile neno “tutafanya” linabaki hewani bila mwenyewe.

Chukueni jambo moja tu, la vyeti vya watoto. Sheria ya nchi inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Zikipita, mzazi anapaswa kupata hukumu ya tribinali mbele ya ofisi ya etasivili kumwandika. Familia iliyorudi bila nyumba, ikalala mwaka mzima kwa shemeji, mara nyingi siku hizo 90 zilipita bila mtu kujua. Sasa mkutano unasema kwa sauti moja: “Chama kitasindikiza wazazi.” Makofi. Lakini chama ni nani? Chama hakina miguu. Kama hakuna mtu mmoja mwenye jina aliyesema “mimi, siku fulani, asubuhi”, mtoto yule anaongeza mwaka mwingine bila karatasi, na siku ya mtihani wa serikali tunaanza kukimbia.

Ndiyo maana programu hizi zimependwa sana mu ofisi za wazungu na za wakubwa wa miji. Zoom iliweka msaidizi wake wa akili bandia mwaka 2023, Microsoft nayo ina wake, na ziko nyingine nyingi. Kazi yake inapita hatua mbili. Kwanza mashini inageuza sauti kuwa maandishi. Kisha mashini ya pili inasoma maandishi hayo yote na kutoa kifupi: maamuzi haya, kazi hizi, fulani atafanya hii kabla ya tarehe ile. Mkutano wa saa mbili unatoka karatasi moja, na kila mtu anaipata mbele ya kufika nyumbani. Wafadhili wetu wengine wanaitumia kila siku, na barua mnazopokea kutoka kwao zenye mistari mifupi mifupi ya “kazi zinazofuata”, nyingi zinatoka pale.

Kuna habari nzuri kwa watu kama sisi. Mwezi wa Septemba 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa bure programu inayoitwa Whisper. Hiyo inageuza sauti kuwa maandishi kwa lugha karibu mia moja, na Kiswahili kimo. Tena inaweza kuwekwa ndani ya ordinatere na kufanya kazi bila intaneti, bila mega, bila sauti zetu kutoka nje ya chumba. Hilo la mwisho tulishike, tutalirudia.

Bon. Kiswahili kimo, lakini ni Kiswahili cha nani?

Ninyi wote mnajua kwamba hapa Katanga tunahesabu siku kwa kazi. Kazi moja, kazi mbili, kazi tatu, kazi ine, kazi tano, kisha siku ya posho, kisha yenga. Ni lugha ya mine. Babu zetu waligawiwa posho ya juma wakati wa Union Minière, na siku ile ikabaki na jina lake hata kwa mtu ambaye hajawahi kupokea posho ya mtu. Sasa, katika jaribio moja, mama mmoja wa komite ya vyeti alisema vizuri kabisa: “Kazi tatu tutaenda ku tribinali na bazazi.” Kila mtu chumbani alielewa: siku ya kazi tatu, ile ambayo watu wa Tanzania wanaiita Jumatano. Programu ikaandika kwamba kuna kazi tatu. Na kwa kuwa ilisema ziko tatu, ikazitafuta: moja, kwenda tribinali, mbili, kuongea na wazazi, tatu, kutayarisha dosie. Ya tatu hakuna aliyeisema. Mashini iliona hesabu haitoshi, ikajaza. Na siku ya kwenda ikapotea kabisa!

Tulicheka sana siku ile. Lakini fikirieni karatasi ile imetumwa bila mtu kuisoma, wazazi wanangoja kujulishwa siku, na mama wa watu peke yake mbele ya mlango wa tribinali.

Mambo ya feza ni hivyo hivyo. Mu mikutano yetu tunaanza sentensi kwa Kiswahili, tunahesabu kwa Kifaransa, na aliyesoma Zambia anaingiza Kibemba na Kiingereza juu yake. Quatre-vingt mille ikisemwa haraka, mashini inashika vingt mille. Franka elfu sitini zimepotea bila mwizi. Kesie wetu alisema, na tunamuunga mkono, kwamba hesabu yoyote haitatoka kwa mashini: itatoka mu kitabu cha kesi, iandikwe kwa tarakimu na kwa herufi, kama zamani.

Na kuna kimya. Watafiti wa Marekani, wakiwemo wa chuo kikuu cha Cornell, walichapisha mwaka 2024 uchunguzi juu ya Whisper hiyo hiyo, kwa sauti za Kiingereza ambacho inakijua kuliko lugha zote. Walikuta kwamba karibu kipande kimoja kwa mia cha sauti kilitoka na maneno, hata sentensi nzima, ambazo hakuna binadamu aliyezisema, na hali hiyo ilizidi pale msemaji anapokaa kimya muda mrefu. Mashini haivumilii kimya. Kwetu kimya ni neno. Mzee akiulizwa kama atatoa kipande cha shamba kwa ajili ya wajane, akanyamaza, akaangalia mlango, sisi tumeshajibiwa, na hakuna atakayemuuliza mara ya pili mbele ya watu. Karatasi ya mashini inaweza kuandika kwamba amekubali.

Hapo tunagusa jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko makosa ya siku na ya hesabu. Neno “tutaona”. Mtu wa Kambove akisema “tutaona, Mungu akipenda”, anaweza kuwa amesema ndiyo, anaweza kuwa amesema hapana kwa heshima, na anaweza kuwa anasema: njoo nyumbani jioni, nikuambie bila hawa kusikia. Programu inatafuta vitenzi vya wakati ujao, inasikia “tutaona”, inaweka: bwana fulani atashughulikia. Sasa bwana fulani ana kazi ambayo hakuikubali, yenye jina lake na tarehe, mbele ya wafadhili. Juma linalofuata anaonekana mvivu. Mu chama cha kusaidiana, ambapo watu wanakaa pamoja kwa sababu ya kuaminiana tu, hiyo inaweza kuvunja zaidi ya mkutano mmoja.

Tena inapenda wasemaji. Anayesema mara kumi anaandikwa mara kumi. Mama aliyesema mara moja tu, nyuma, karibu na mlango, kwamba nyumba ya fulani haijala tangu juzi, mara nyingi hayumo mu kifupi kabisa. Na ninyi mnajua kwamba neno lile njo lilikuwa mkutano.

Basi tuitupe? Hapana. Kuna wazo jingine, na tunadhani ni zuri.

Mwaka 1965 mtu mmoja wa Lubumbashi, André Yav, aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa jina la chama cha watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa wazungu, maboi kama walivyoitwa. Aliandika kwa Kiswahili chetu cha hapa, si kile cha vitabu. Miaka ikapita, mtaalamu Johannes Fabian akakipata. Yeye aliwahi kufundisha Lubumbashi na lugha yetu anaijua, lakini maandishi yale yalimsumbua, maneno yameshikamana, hujui sentensi inakatika wapi. Alichofanya ni kumwomba mtu wa Katanga akisome chote kwa sauti. Kiliposomwa, kikafunguka. Akakichapisha mwaka 1990. Tunalitaja hilo kwa sababu chama kama chetu kilishapita njia hii: lugha yetu ikiandikwa, inahitaji sauti ya mwenyewe ili iwe kweli.

Kwa hiyo tunachopendekeza ni hiki. Mkutano wenyewe haurekodiwi. Telefone zinabaki mu mifuko, watu wanasema kama wamezoea, na mzee anazunguka Kambove yake. Mwishoni, mbele ya sala ya kufunga na mbele ya mtu yeyote kushika kiti, sekretere anasimama. Anasema kwa sauti, polepole, kila jambo lililoamuliwa, na kwa kila jambo anauliza: nani njo atafanya? Anayefanya anajibu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake: “Mimi.” Kisha siku, kwa jina la siku na kwa tarehe, ili kazi tatu isigeuke kazi tatu. Kama hakuna anayejibu, sekretere anasema wazi: “Jambo hili halina mwenyewe,” na inaandikwa hivyo. Dakika hizo tano au kumi njo tunarekodi, na hizo tu.

Mashini sasa ina kazi nyepesi. Sauti moja, iliyonyooka, bila kelele za watoto, maneno mafupi. Katika majaribio, hapo ilifanya vizuri sana, kusema kweli ilitushangaza: inatoa mistari safi, jina, kazi, tarehe, tena kwa Kiswahili na kwa Kifaransa pamoja, kazi ambayo ingemkalisha sekretere siku nzima ya yenga. Anaisoma, anasahihisha, wanachama wawili wanatia sahihi, inabandikwa ukutani. Na mkutano unaofuata unaanza kwa kuisoma karatasi hiyo kwa sauti, mstari kwa mstari, imefanyika, haijafanyika, sababu gani. Wengi wetu hatusomi kwa urahisi. Karatasi ya ukutani peke yake ingekuwa ya wachache.

Mtu ameuliza tayari: kama sekretere anasema yote, mashini ya nini? Ni swali la haki. Tunajibu kwamba faida kubwa iko mu yale maulizo ya mwisho, na hayo hayahitaji umeme. Mashini inaongeza haraka, na Kifaransa, na kumbukumbu: baada ya mikutano sita unaweza kuiuliza ni mambo gani yamerudi mara tatu bila mwenyewe. Kama siku moja ordinatere inakufa, chama hakifi nayo.

Juu ya Kifaransa hicho, neno kwa wafadhili wetu, tunawaomba mtusamehe tukisema wazi. Programu hizi zina Kifaransa kizuri kuliko mkutano wenyewe. Tuligombana saa nzima juu ya mbegu za mahindi, yenyewe inaandika kwamba wanachama walibadilishana mawazo kwa moyo wa ushirikiano. Rapore kama hiyo inapendeza, na ni rahisi sana kuituma. Hatutaituma. Mtapokea karatasi ile ile ya ukutani, na mistari yake yenye “haijafanyika” ndani. Mkiona rapore yetu moja imenyooka mno, tuulizeni.

Sasa siri. Hapa tunaomba kina mama hasa watusikilize. Mu mikutano yetu watu wanasema mambo ya njiani: nani alibaki, nani alichukua shamba la nani, mtoto huyu ni wa nani. Programu nyingi za bure zinapeleka sauti hadi mashini za kampuni, mu nchi ambayo hatujui, na hatujui itakaa huko muda gani. Nchi yetu ina sheria sasa, Kodi ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda habari za mtu binafsi. Lakini sauti ikishavuka mpaka, kuirudisha ni kazi. Kwa hiyo kesi za nyumba kwa nyumba, mambo ya ugonjwa, mambo ya waliotendewa mabaya, hayarekodiwi hata katika zile dakika za mwisho. Sekretere ataandika kwa mkono “jambo namba fulani, mama fulani wa komite anafuata”, bila kusema jambo ni nini. Na zile dakika tunazorekodi, tungependa zipite kwa ordinatere ya chama yenye programu isiyohitaji intaneti. Ni polepole, inaomba umeme, na usiku mwingine umeme hakuna. Itangoja asubuhi.

Tumalizie kwa jambo ambalo liko mbele yetu na ni zito. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha kila kampuni ya madini kutenga angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale, na kutia sahihi daftari la ahadi pamoja nao, cahier des charges: maji, masomo, barabara, hospitali. Hapa Kambove tunaishi juu ya shaba na kobalti, tunajua mikutano hiyo. Wanakuja na makaratasi, wanasema Kifaransa, kuna kinywaji, na PV yao iko tayari. Waliorudi mara nyingi wanakaa nyuma, juu wanaambiwa: ninyi ni wa kuja.

Katika mikutano hiyo tusirekodi kwa kujificha. Ni kinyume cha heshima, na tutafukuzwa kwa haki. Lakini hakuna anayeweza kukataza mjumbe wetu asimame mwishoni na kuuliza, mbele ya chifu na mbele ya kampuni: kisima hiki, nani njo atafanya? Tarehe gani? Na kuomba jibu liandikwe kwa Kiswahili pia. Tukirudi nyumbani jioni ile, wajumbe wawili watasema waliyosikia, mashini itayapanga, na tutalinganisha na PV ya upande mwingine. Pale zinapotofautiana, tunaandika barua juma lile lile, si mwaka unaofuata.

Kwa hiyo tunawaomba mnyooshe mikono juu ya mambo mawili: kwanza, kwamba dakika za mwisho za kila mkutano ni za maulizo haya, mashini iwepo au isiwepo, pili, kwamba tujaribu programu hiyo hadi mwisho wa msimu wa mvua, kwa masharti tuliyosema, kisha tuangalie tena. Ordinatere ipo. Betri yake imechoka, na hilo nalo, leo kabla ya sala, litahitaji mtu wa kusema “mimi”.

Nani ana ulizo?